Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wabunge: kifungu kilichokufa kinaendelea kuozesha watoto

Oktoba 2024

Waheshimiwa,

Yah: Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971

Tarehe 23 ya mwezi huu inatimia miaka mitano tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoitupilia mbali rufani ya Serikali katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, na kukubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi yetu. Najua kwamba tarehe hiyo mnaifahamu kuliko mimi. Kilichonisukuma kuandika si tarehe bali karatasi mbili zilizomo katika jalada langu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 12 katika kata za vijijini. Siku moja, muda mrefu baada ya hukumu hiyo, aliingia ofisini kwetu mzee mmoja mwenye heshima zake, aliyekuwa ameitwa na afisa ustawi wa jamii kwa sababu mke wake alikuwa ametoa taarifa kwamba binti yao wa miaka 15, aliyemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia na hakuendelea na masomo, ameshapokelewa posa na siku ya ndoa imepangwa. Mzee hakuja kwa ukali. Alikaa, akasalimia, akatoa bahasha mfukoni, na ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya kurasa mbili za Sheria ya Ndoa, moja ikiwa na kifungu cha 13 na nyingine kifungu cha 17, na maneno yanayohusu ridhaa ya baba yalikuwa yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sivunji sheria ya mtu. Soma mwenyewe."

Nikasoma, ingawa niliyajua maneno yale kwa moyo. Nakala ilikuwa sahihi, haikughushiwa, na hapakuwa na alama yoyote pembeni inayomwambia msomaji kwamba maneno yale yameshakataliwa na mahakama ya juu kabisa katika nchi. Nikamweleza habari za hukumu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo sijapata jibu lake la kumpa mtu: kama mahakama ilishakataa, mbona sheria bado imeandikwa hivi? Mke wake wakati huo alikuwa nje kwenye benchi. Hakuitwa ndani kwa sababu, kwa mujibu wa kifungu kile kile alichopigia mstari mumewe, ridhaa ya mama haihitajiki maadamu baba yu hai.

Binti yule hakuolewa mwezi ule. Kilichomwokoa ni shangazi yake, ambaye alimchukua akaenda kuishi naye mkoa mwingine, na kaka wa yule mzee, aliyekuwa na sauti katika ukoo, akasema mahari yarudishwe. Sheria ya nchi, kama ilivyo kitabuni, ilikuwa upande wa posa.

Waheshimiwa, jambo ambalo naomba mlitafakari ni hili, nalo wananchi wengi, wakiwamo watendaji wetu wa vijiji na kata, hawalijui. Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi wake tarehe 8 Julai 2016 iliipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha vifungu hivyo ili umri wa chini wa ndoa uwe miaka 18 kwa mwanamume na kwa mwanamke. Uwezo wa kutoa muda wa namna hiyo mahakama inaupata katika Ibara ya 30(5) ya Katiba, ambayo inairuhusu, badala ya kuitamka sheria kuwa batili papo hapo, kuipa Serikali au mamlaka nyingine inayohusika nafasi ya kuondoa hitilafu katika muda itakaouweka. Ibara hiyo hiyo inaeleza pia hatima ya sheria yenyewe katika kipindi hicho: itahesabiwa kuwa halali mpaka hitilafu irekebishwe au mpaka muda uliowekwa umalizike, kwa kutegemea lipi litatangulia. Katiba haikusema itaendelea kuwa halali mpaka Serikali itakapokuwa tayari. Hata nikihesabu kwa ukarimu, yaani nikianza kuuhesabu mwaka ule mmoja upya kuanzia siku Mahakama ya Rufani ilipomaliza kazi yake, muda ulikwisha Oktoba 2020.

Kwa hiyo tunaishi na vifungu ambavyo, kwa maneno ya Katiba yenyewe, uhai wake ulikoma miaka isiyopungua minne iliyopita, lakini maiti haijazikwa, na kwa kuwa haijazikwa bado inatoka usiku kufanya kazi. Mfungishaji ndoa anayefungua kitabu anakuta miaka 15. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliye mbali na maktaba, ambaye si ajabu hana nakala ya hukumu ya 2019 mezani kwake, anakuta miaka 15. Wakili wa mtuhumiwa anakuta miaka 15 na anakuwa na la kusema. Nami, ambaye sina mamlaka yoyote zaidi ya kalamu na maneno, ndiye ninayetakiwa kumshawishi mzee wa watu kwamba maandishi anayoyaona kwa macho yake si sheria.

Najua jibu ambalo limekuwa likitolewa bungeni na nje ya Bunge: kwamba suala hili linagusa mila na dini, kwamba wadau wana maoni tofauti, na kwamba Serikali inaendelea kukusanya maoni. Sitaki kulibeza jibu hilo, kwa maana kusikiliza watu ni jambo jema na nchi hii imejengwa kwa kusikilizana. Lakini kuna mambo mawili ndani yake ambayo hayakai sawa. La kwanza ni kwamba mahakama haikuomba maoni. Ilitoa amri, na amri ile ilitaja umri wenyewe, kwa hiyo kinachobaki kujadiliwa ni maneno ya muswada, si kama msichana wa miaka 15 ni mtoto au si mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilishalijibu swali hilo iliposema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.

La pili linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo penye mjadala mkubwa. Husemwa kwamba dini na mila zinautambua utu uzima kwa balehe na si kwa hesabu ya miaka, na kwamba kuweka miaka 18 ni kuingilia imani za watu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, na baadhi yao ni walimu wangu. Ila tuikumbuke historia. Sheria ya Ndoa ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, ikapitishwa mwaka 1971 huku ikipingwa na baadhi ya waumini, na kusudi lake lilikuwa kuziweka ndoa zote za Tanzania Bara, za kidini, za kimila na za kiserikali, chini ya paa moja lenye masharti ya chini ambayo kila ndoa lazima iyatimize. Tangu siku ile dola iliamua kwamba ina haki ya kuweka umri wa chini. Ilimwekea mvulana miaka 18, awe wa dini gani, wa kabila gani, amebalehe akiwa na miaka 13 au 15. Kwa zaidi ya nusu karne sijapata kusikia kiongozi wa dini wala mzee wa mila akiandamana au akiandika waraka kutaka mvulana wa miaka 15 aliyebalehe aruhusiwe kuoa. Kama imani iliweza kukaa salama na miaka 18 ya mvulana, naomba nielezwe kwa nini itikiswe na miaka 18 ya dada yake. Kinachotetewa pale, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kumtazama binti kama mali iliyo tayari kuondoka nyumbani, nayo mazoea hayo yamevikwa kanzu na joho ambavyo si vyake.

Hoja nyingine iliyowahi kutolewa kuvitetea vifungu hivi ni kwamba vinamlinda msichana anayepata mimba kabla ya ndoa, ili asidharaulike na mtoto wake asizaliwe nje ya ndoa. Hoja hii nimeiona ikifanya kazi vijijini, na naomba niwaeleze inavyofanya kazi.

Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema katika kifungu cha 130(2)(e) kwamba mwanamume anayefanya tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, awe ameridhia au hakuridhia. Adhabu yake kwa mtu mzima inaanzia miaka 30 jela. Mpaka hapo ulinzi ni mkubwa. Lakini aya hiyo hiyo inaendelea na kuweka mlango wa nyuma: isipokuwa kama msichana huyo ni mke wake, ametimiza miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Someni vifungu hivi viwili kwa pamoja, cha Kanuni ya Adhabu na cha 13 cha Sheria ya Ndoa, mtaona kwamba tendo lile lile, kwa msichana yule yule, ni miaka 30 jela kama mahari hayajalipwa, na si kosa kabisa kama yamelipwa.

Watu wa kijijini hawajasoma sheria lakini hesabu hiyo wanaijua. Msichana akipata mimba na mwanamume akatajwa, wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoamua kila kitu. Wazee wa upande wa mwanamume wanakuja na mshenga, wanaomba radhi, wanalipa faini ya kimila, kisha wanataja mahari. Jalada la polisi likiwa bado jembamba, familia ya msichana inabadilika kutoka kuwa mlalamikaji na kuwa upande wa wakwe. Hapo ndipo yule baba aliyesema mwanzoni kwamba mwanawe ana miaka 15 anaanza kukumbuka kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko fulani, na kwa hesabu hiyo ana miaka 18 na miezi. Umri katika kesi hizi unatakiwa uthibitishwe mahakamani, kwa cheti cha kuzaliwa, kwa ushahidi wa daktari, au kwa maneno ya mzazi, ndugu au msichana mwenyewe. Palipo na wazazi waliokwisha kula mahari na msichana ambaye hana cheti, mwendesha mashtaka anabaki mikono mitupu. Sisi tunaita kesi "kuisha kifamilia." Nimeshuhudia mwendesha mashtaka mmoja, mtu mwadilifu, akifunga jalada huku akijua kabisa kilichotokea, kwa kuwa hakubaki na shahidi hata mmoja wa kumsimamisha kizimbani.

Ulinzi unaosemwa, basi, ni wa nani? Kwa niliyoyaona, anayelindwa kwanza ni mwanamume, ambaye ndoa inamtoa kwenye mkono wa sheria, na wa pili ni baba, ambaye aibu inamwondokea. Msichana anaingia katika nyumba ya mtu ambaye juzi alikuwa mtuhumiwa wake.

Na akishaingia, kutoka si rahisi. Kifungu cha 100 cha Sheria ya Ndoa kinazuia kupeleka maombi ya talaka kabla ya miaka miwili ya ndoa kwisha, isipokuwa kwa kibali cha mahakama na kwa kuonyesha kwamba kuna mateso yasiyo ya kawaida. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Masharti haya yalitungwa kwa ajili ya watu wazima wanaogombana kwa hasira za siku mbili, na kwa watu wazima yana busara yake. Kwa msichana aliyeozwa akiwa na miaka 15 maana yake ni kwamba, isipokuwa ajue njia ya kuomba kibali, mlango wa talaka unaanza kufunguka akiwa na miaka 17, pengine na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na kituo cha kwanza ni mbele ya wazee wa baraza ambao baadhi yao walikula pilau ya harusi yake.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba tatizo hili tayari limetibiwa na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, ambayo yanapiga marufuku kuoa au kuoza mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari katika mazingira yoyote, na kumwekea anayemwoa kifungo cha miaka 30. Marekebisho yale yamesaidia, nakiri, na walimu wakuu kadhaa nimewaona wakiyatumia kwa ujasiri. Lakini yanamlinda mwanafunzi, si mtoto. Binti ambaye jina lake halimo kwenye rejista ya shule hayumo katika ulinzi huo, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi. Tena sheria hii, bila kukusudia, imefundisha njia mpya: anayetaka kumwoza binti anahakikisha kwanza anaacha kuwa mwanafunzi. Binti anaambiwa ajaze majibu ya ovyo katika mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe. Au anaachwa awe mtoro mpaka jina lake lifutwe. Au anapelekwa kwa ndugu wa mbali "kuhamia shule" ambayo hafiki kamwe. Mwezi wa Septemba, mtihani unapokwisha, ndipo simu za wasichana na za mama zao zinapoanza kuja kwetu, na pia kwa wenzetu wa namba 116, simu ya msaada kwa watoto, kwa sababu kati ya mtihani na matokeo msichana si wa shule na si wa popote. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imefungua milango kwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitalipita bila kushukuru. Ila aliyekwishaolewa kwa ndoa ambayo kitabu kinaitambua, anarudije darasani huku mumewe akiwa na haki ya kuuliza nani atampikia?

Niongeze neno moja kuhusu maneno ya kifungu cha 13 ambalo mara nyingi linapita bila kuonekana. Sheria haizungumzii hata miaka 15 kamili. Inazungumzia umri unaoonekana. Maana yake mfungishaji ndoa anaruhusiwa kutumia macho yake, na macho ya binadamu yanamwona msichana mrefu mwenye kifua kuwa mkubwa hata kama ana miaka 13. Mwaka 1971, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa vya wachache mno, pengine hapakuwa na njia nyingine. Leo tuna RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, tuna usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano unaofanyika katika vituo vya afya na ofisi za kata, tuna kadi za kliniki na rejista za shule za msingi. Kifungu kipya kikitaja miaka 18 na kubakiza maneno hayo ya umri unaoonekana, mtakuwa mmebadili namba tu.

Katika kifungu cha 17 kuna jambo jingine la ajabu: kinasema kwamba msichana wa chini ya miaka 18 ambaye baba, mama na mlezi wake wote wamefariki hahitaji ridhaa ya mtu yeyote. Kwa maneno mengine, mtoto yatima asiye na mlezi, ambaye kwa akili ya kawaida angehitaji ulinzi mkubwa kuliko wote, ndiye aliyeachwa peke yake kabisa.

Majirani zetu wamekwishavuka mto huu. Uganda iliweka miaka 18 katika Katiba yake ya mwaka 1995. Kenya ilifanya hivyo kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, bila kujali dini ya wanaooana. Malawi, ambayo nayo ilikuwa na mwanya wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilirekebisha Katiba yake mwaka 2017 na kuuziba. Msumbiji ilitunga sheria mwaka 2019, Zambia ikafuata mwishoni mwa 2023, na Julai 2024, mbali kule Afrika Magharibi, Sierra Leone. Sisi tuliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003, ambao Ibara yake ya 21 inataka umri wa chini uwe miaka 18 na ndoa zote zisajiliwe, na mwaka 2007 tukaridhia Itifaki ya Maputo, inayohusu haki za wanawake Afrika, yenye sharti hilo hilo. Mei 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliikuta Mali na hatia ya kukiuka mikataba hiyo, kwa sababu sheria yake ya familia ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 16. Mahakama hiyo iko Arusha, katika ardhi yetu. Tumekuwa wenyeji wa mahakama inayowahukumu wenzetu kwa miaka 16, na sisi wenyewe kitabuni tuna 15.

Sitawadanganya kwamba miaka 18 ikiandikwa ndoa za utotoni zitakwisha. Kenya wana sheria nzuri na bado wana kazi kubwa katika baadhi ya kaunti zao. Na kwetu, hata bila marekebisho, mambo yamekuwa yakipungua kidogo kidogo: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwakuta karibu wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa miaka 20 hadi 24 wakiwa waliolewa kabla ya miaka 18, na ule wa 2022 ukawakuta takriban 3 kati ya 10. Shule za kata, walimu, maafisa ustawi wa jamii, madawati ya jinsia na watoto ya polisi na akina mama wanaosubiri kwenye mabenchi ya nje wamefanya kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba wameifanya huku sheria ikiwavuta shati kwa nyuma.

Ombi langu kwenu, Bunge linapojiandaa kukutana tena Dodoma, ni kwamba muswada uletwe, na uletwe mzima. Kifungu cha 13 kitaje miaka 18 kwa wote, na kifungu kidogo kinachoiruhusu mahakama kutoa idhini kwa "mazingira maalumu" kiondoke pamoja na kifungu cha 17 chote, kwa sababu mazingira maalumu yanayopelekwa mahakamani ni yale yale ya mimba na aibu niliyoyaeleza, na mwanya ukibaki hata mdogo kiasi gani ndipo watu wote watakapopita. Marekebisho ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(2)(e), yawe ndani ya muswada huo huo. Mkirekebisha Sheria ya Ndoa na kuusahau mlango ule wa nyuma, mabishano yatahamia mahakama za jinai, na wakili mwerevu atasimama kusema kwamba Bunge lilijua na likaacha kwa makusudi.

Kwa msisitizo zaidi nawaomba msiwasahau wale ambao tayari wamo ndani. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu ndoa iliyofungwa chini ya umri wa kisheria inahesabiwa kuwa batili, na neno batili likimwangukia msichana wa miaka 17 mwenye watoto wawili linaweza kumnyang'anya matunzo, haki katika mali walizochuma, na jina la watoto wake, huku mwanamume akiondoka mwepesi. Jukwaa la Mabunge la SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, lilipopitisha sheria ya mfano mwaka 2016 lilikumbuka kuweka katika jina lake lenyewe watoto ambao tayari wako kwenye ndoa, na wataalamu wenu wa uandishi wa sheria wanaweza kuanzia hapo. Msichana apewe haki ya kuchagua kuitoka ndoa hiyo bila kusubiri miaka miwili wala kupita barazani, na akitoka asipoteze chochote ambacho mke angekipata. Wala asiwekwe kizimbani kwa kosa la kuozwa. Nimeshasikia watu wenye nia njema wakipendekeza adhabu kwa "wote wanaohusika," na nikajiuliza kama wamewahi kumwona huyo mhusika akiwa amekaa na daftari lake mapajani.

Muswada huchukua muda, hilo naelewa. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji muswada, nalo linaweza kufanyika wiki hii: waraka mmoja kutoka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Msajili Mkuu wa Ndoa, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, uende kwa kila mfungishaji ndoa mwenye leseni, kila mtendaji wa kata, kila msikiti na kila kanisa, ukieleza kwamba kwa hukumu ya Mahakama ya Rufani na kwa Ibara ya 30(5) ya Katiba hakuna ndoa inayoweza kufungwa kwa kutegemea miaka 15. Waraka wa ukurasa mmoja ungetosha. Ningeupigia mstari mwekundu na kuuweka mezani.

Zile karatasi mbili mzee aliniachia. Aliponiaga alisema nikae nazo, kwa kuwa yeye anazo nyingine nyumbani, na wenzake kijijini pia wanazo. Bado ziko kwenye jalada la binti yake, na nitazitoa humo siku nitakapokuwa na ukurasa wa Gazeti la Serikali wa kuweka mahali pake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria
Tanzania Bara